Yai la Chumvi Katika Seti ya Tatu

Matokeo yalipofika saba kwa tisa katika seti ya tatu, binti yangu Wening alianza kuuhurumia mguu wake wa kulia, akikwepa kuukanyagia kwa nguvu. Umati uliokuwa ukipaza sauti "Ea! Ea!" kwa kila kipigo haukuliona jambo hilo. Mimi nililiona.

Ilikuwa fainali ya wasichana ya mashindano ya kimataifa ya vijana ya badminton, hapa kwetu Yogyakarta. Ng'ambo ya wavu alisimama Morishige, msichana wa Kijapani ambaye jasho lenyewe lilionekana kumwogopa. Wateuzi wa kambi ya taifa walikuwa wamekwisha kusema kwamba mwaka huu wangemchukua bingwa peke yake. Wening alikuwa na umri wa miaka kumi na minane. Mwakani asingeruhusiwa tena kucheza na vijana.

Kwa siku tatu nilikuwa nimefunga mutih, kama wanawake tuliotoka mji wa Klaten tufanyavyo mtoto anapokabili jambo kubwa: wali mweupe na maji, basi, mpaka jambo lenyewe liishe. Anayeonja chumvi kabla ya hapo huwa amelivunja ombi lake. Jirani yangu Bu Ngatini, aliyekuja na kikapu cha mayai ya bata yaliyokolea chumvi, hakunipa nafasi ya kupumua. Alisema nimekonda hata wachezaji wakinidhania kinyoya cha mchezo watanirusha juu ya wavu.

Morishige aliongeza pointi mbili, akafikisha kumi na moja, na mchezo ukasimama kwa mapumziko mafupi. Kocha Pak Sudarmo alimpa Wening chupa ya maji yenye chumvi na sukari. Wening alitikisa kichwa, akachukua maji matupu. Kocha alipomsukumia ile chupa tena, aliifunika kwa kiganja, kwa adabu, kama mgeni aliyekwisha kushiba.

Ndipo nilipoelewa. Niliikumbuka sahani yake ya asubuhi: wali mtupu, bila yai, bila tempe ya soya, naye akisema tumbo lina wasiwasi. Jana ilikuwa hivyohivyo, na juzi pia. Nilikuwa nimemwambia kwamba mfungo huu ni wangu, kwamba anayekimbia hafungi. Aliitikia vizuri, kisha akafunga pamoja nami kimyakimya; ndiyo maana mguu ulikuwa ukimkaza.

Kumpigia kelele kusingefaa kitu. Hata kama angenisikia, asingekubali kuonja chumvi ilhali mama yake bado amefunga. Namjua, nilimlea hivyo mwenyewe.

"Nipe yai," nilimwambia Bu Ngatini.

"La kushika au la kula?"

"La kula, Bu. Upesi."

Alinitazama, akaacha utani. "Na ombi lako je?"

Nilipanda juu ya benchi, nikaliita jina la mwanangu mpaka akainua macho. Ndipo nilipolipasua yai, nikalimenya mbele yake na kuling'ata. Chumvi iliuchoma ulimi wangu. Niliogopa kwamba ninaitafuna bahati ya mtoto wangu, lakini nilitafuna, nikameza, nikamwonyesha nusu iliyobaki.

Wening alisimama tuli. Mwamuzi alikuwa akiwaita warudi uwanjani. Aliipokonya ile chupa mkononi mwa kocha, akainywa yote.

Chumvi haikuwa muujiza. Mguu ulimkaza tena baadaye, akachechemea. Lakini aliacha kukimbilia vinyoya vya mbali, akawa anamvuta Morishige karibu na wavu, akimwangushia kinyoya taratibu, kushoto, kulia. Pointi moja moja, alimfikia. Ishirini kwa ishirini. Ishirini na moja kwa ishirini, Wening mbele. Kikapu cha Bu Ngatini kilikuwa kimeanguka sakafuni na hakuna aliyekiokota.

Kisha Morishige alikiinua kinyoya juu sana, kuelekea mstari wa nyuma. Wening alitaka kukifuata, mguu ulikataa. Aligeuza shingo tu, akakitazama kikishuka. Mwamuzi wa mstari alitanua mikono yote miwili.

Nje. Wening ndiye bingwa.

Alipofika kwenye uzio, medali shingoni, hakucheka. "Mama, umelivunja ombi kwa ajili yangu."

"Nimelivunja, nduk, binti yangu. Nitalilipa. Kesho naanza siku tatu nyingine."

"Basi na mimi nita—"

"Wewe utakula," alisema Bu Ngatini, akamtia yai mkononi. "Huko kambini hawahitaji kinyoya cha pili."

Wening alinitazama, akingoja ruhusa. Niliitikia kwa kichwa. Alilimenya pale pale kwenye uzio, nami sikuondoka mpaka kiini chote kilipoisha.