Mwenyekiti Mpya wa Chama cha Wazee

Saa moja kasoro dakika kumi asubuhi, Hatanaka Kimiyo alipita katikati ya viti vya basi akihesabu vichwa vya wazee. Akapata thelathini na mmoja. Akahesabu tena, akapata thelathini na mmoja, ndipo akamwambia dereva waondoke. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa katibu wa Chama cha Wazee cha mtaa wao huko Matsusaka, na kila majira ya machipuko, miti ya micheri inapochanua maua, yeye ndiye aliyepanga ziara ya siku moja: basi, vyakula, chai, dawa za wanaotapika safarini, mahekalu gani na vyoo viko wapi. Mwenyekiti, Mzee Tsukuda, kazi yake ilikuwa kukaa kiti cha mbele na kushukuriwa.

Mwaka huu Mzee Tsukuda alikuwa ametangaza kwamba magoti yamemshinda, na kwamba huko Nara, baada ya chakula cha mchana, angemtaja wa kumrithi. Wiki nzima Kimiyo hakulala vizuri. Aliandika hotuba ya kuomba nafasi hiyo, ukurasa mmoja, nyuma ya karatasi ya ratiba, akawa anaisoma mbele ya picha ya marehemu mumewe mpaka akaona haya.

Waliteremka kwenye bustani ya Nara saa nne. Kulungu walikuwa wametapakaa kila mahali, kama kawaida yao, wakiwainamishia wageni vichwa ili wapewe biskuti. Mmoja wao, dume mwenye kifua kipana na pembe zilizoanza tu kuchomoza kama uyoga, alimjia Kimiyo akainama mara tatu. Kimiyo, mtu aliyelelewa vizuri, naye akainama. Alipoinuka, ile karatasi ya ratiba haikuwa tena mkononi mwake.

Kulungu alitafuna bila haraka, akameza, akasafisha koo.

"Saa nne na robo, Hekalu la Todai," alisema kwa sauti nzito ya kiume. "Vyoo viko kushoto kabla ya lango. Wenye shida ya mgongo wasipande ngazi."

Wazee waligeuka wakamtazama.

"Huyu anajieleza," alisema Mzee Tsukuda.

"Hayo hayo niliwaambia kwenye basi," alisema Kimiyo.

"Sikukusikia. Huyu nimemsikia."

Wakamfuata. Ndani ya hekalu, nyuma ya Buddha Mkuu wa shaba, kuna nguzo yenye tundu, na husemwa kwamba anayepenya hapo hupata baraka. Mzee Tsukuda alijaribu, akakwama kiunoni. Kimiyo alipiga magoti akamvuta miguu kwa dakika kumi na mbili, huku kulungu akiwa amesimama kando akisema, "Polepole, polepole." Alipotoka, Mzee Tsukuda alijipangusa mavumbi, akamshukuru kulungu.

Mchana walitandika mikeka chini ya micheri. Kimiyo aligawa matonge ya wali na mayai ya kukunja, akamimina chai, akawaondolea wenye macho hafifu petali zilizoangukia vikombeni. Mzee Tsukuda alisimama ili aseme neno. Lakini kulungu ni mnyama anayecheua, na saa saba kamili upande wa pili wa karatasi ulimrudia mdomoni.

"Ndugu zangu," alisema kulungu, "kwa miaka kumi na tisa nimewatumikia. Nimewabebea miavuli. Nimewakumbusha dawa zenu. Mimi ni mjane, watoto nimeshawaoza, na ninyi ndio jamaa niliobaki nao. Nipeni nafasi hii. Sitawaangusha."

Kisha Oribe, rafiki wa Kimiyo tangu shule ya msingi, akatoa leso.

"Miaka kumi na tisa!" alisema. "Na kumbe maskini amefiwa na mume!"

"Hiyo ni hotuba yangu," alisema Kimiyo.

"Umeiandika vizuri sana," alijibu Mzee Tsukuda kwa upole. "Sasa sikia anavyoitamka."

Akamtaja kulungu kuwa mrithi wake. Bwana Yokoi, mtu wa kanuni, aliuliza kama mgombea ni mkazi wa Matsusaka, maana katiba ya chama inadai hivyo. Mzee Tsukuda akasema katiba hurekebishwa, na Kimiyo angewaandikia marekebisho wakati watu wanamenya machungwa. Kimiyo akayaandika. Mikono ikainuliwa. Wa Oribe ulikuwa juu kuliko yote.

"Hata wewe, Oribe?"

"Usinikasirikie, dada. Nakupenda kuliko ndugu yangu wa tumbo moja. Lakini mwenyekiti lazima awe na mabega."

Mikono ya Kimiyo mwenyewe ilikuwa imeshika birika, kwa hiyo kwenye kumbukumbu za kikao, alizoziandika kwa mkono wake, inasomeka kwamba hakuna aliyepinga.

Alasiri walikwenda maabadi ya Kasuga. Njia hiyo ina mamia ya taa za mawe zilizoota kuvu, na Kimiyo alijikokota nyuma ya wenzake. Mwenyekiti mpya alikuwa amesimama kando ya taa moja, akimngoja.

"Umekula karatasi yangu," alisema Kimiyo.

Kulungu akainama. "Niwie radhi. Ilikuwa tamu."

"Hivi wewe uenyekiti unautaka kweli?"

"Sijui ni kitu gani. Huo una karatasi?"

"Karatasi tele! Barua za manispaa, mihtasari, fomu za bima. Kabati zima."

"Basi nautaka," alisema kulungu. Alipomwona Kimiyo anafuta macho kwa mkono wa sweta, alisogea karibu. "Ukipenda, nitawaambia ukweli. Mimi sina neno."

Kimiyo akasema anapenda. Na kulungu hakuwa mnyama wa kuvunja ahadi. Basi lilipoanza safari ya kurudi, alisimama kwenye kiti cha mbele, kwato zake kwenye kitambaa safi alichotandikiwa, akatangaza kwamba maneno yote ya siku ile, ratiba na hotuba, yalikuwa ya Bi Hatanaka, na yeye aliyala tu.

Basi zima likapiga makofi.

"Unyenyekevu ulioje!" alisema Bwana Yokoi.

"Tsukuda asingesema hivyo hata siku moja," alisema Oribe, na Mzee Tsukuda akatikisa kichwa kukubali kwamba ni kweli, asingesema.

Kulungu alimgeukia Kimiyo, akatazama pande zote kama mtu aliyefanya kila alichoweza, akaketi. Baada ya muda akauliza kama kuna chai. Kimiyo akammiminia kwenye bakuli.

Jioni, wali ukiwa bado jikoni, binti yake Chinatsu alimpigia simu kutoka Nagoya.

"Mama, vipi? Wamekupa?"

"Hawakunipa. Wamempa kulungu."

"Dume au jike?"

"Dume."

"Aa," alisema Chinatsu, kisha akauliza kama huko Nara kulikuwa na baridi.