Kigari cha Viti Vinne

Baba yangu alijilaza chali juu ya kigari cha kijani, katikati ya duka la watu mjini Nizwa, Omani. Akanyoosha miguu, akaweka mikono ubavuni, akaniita nimtazame vidole.

"Huwaida, mwanangu, miguu imetoka nje?"

"Haikutoka, Baba. Inuka, watu wanatazama."

"Waache watazame. Mie ndiye mnunuzi."

Tulikuwa watatu: Baba, mimi, na ndugu yangu Ghassan, ambaye anaishi Samail na kazi yake iko Maskati. Mimi ndiye niliyebaki Ibra na Baba. Mume wangu alishakufa, watoto sikujaaliwa, na shule niliyokuwa nikisomesha ilishanistaafisha. Nyumbani tulikuwa mimi na yeye tu, na ugomvi wetu wa kila siku juu ya chumvi.

Figo za Baba zilikuwa zimekufa zote mbili. Kila Jumapili, Jumanne na Alhamisi ilikuwa lazima afike hospitali alazwe kwenye mashine imsafishe damu. Hospitali si mbali. Tatizo ni njia yetu. Nyumba yetu, ya babu yake Baba, iko juu kabisa ya mtaa wa zamani, na kushuka kwake ni uchochoro wa mawe uliobanwa na kuta za mashamba ya mitende. Waliojenga kuta zile walifikiria punda. Gari tunaiacha chini, penye lami, na Baba alikuwa akishushwa na vijana wawili juu ya kiti cha plastiki. Nusu ya wanaume wa mtaa ule aliwasomesha hesabu, mpaka leo wanamwita Mwalimu Khalaf. Kila akibebwa alifumba macho mpaka afike chini.

Kisha akaanza kukosa. Leo kichwa kinauma, kesho kutwa ana mafua. Mara ya mwisho maji yalimjaa kifuani, akalala hospitali akikoroma kama mtu anayezama, na daktari akanivuta pembeni akaniambia asipokuja hatadumu. Ndipo mimi na Ghassan tulipopata wazo la kigari. Hivi vigari vya gofu vya umeme, vilivyoinuliwa juu kwa chuma na kutiwa mataili manene ya mchangani, watu wa majumba mapya wanawanunulia watoto wao wachezee. Vyembamba, havina kelele, mawe kwao si kitu. Nilipima uchochoro kwa kamba mwenyewe, nikaona kinapita.

Dukani vilibaki viwili. Mwenye duka, kijana anayeitwa Badar, alituonyesha kwanza cheupe: viti vinne vyote vimetazama mbele, kila kimoja na mkanda wake, kioo mbele, na betri ya lithiamu unayoichomeka ukutani ukaisahau. Cha kijani kilikuwa na betri za zamani, zile za kutiwa maji kila mara. Kiti chake cha nyuma kimeupa mgongo usukani, na ukikikunja kinakuwa uchaga wa bapa wa kubebea mizigo. Hata mtoto mdogo angejua kipi cha kumpandisha mgonjwa. Basi Baba akataka kile cha kijani kikunjwe, akavua viatu, akapanda kwa shida, akalala.

Alipoinuka akasema, "Hiki."

"Baba, hii nyeupe afdhal," alisema Ghassan. "Yaani, ina mkanda, betri yake haitaki kazi. Ile utakaa unatazama nyuma, utatapika."

"Na mtu akilala, hicho cheupe kinamchukua?"

"Nani atalala?"

Baba akakaa ukingoni mwa uchaga, akavaa viatu polepole. Alikuwa na kawaida ya kutoharakisha jambo alilokwisha kuliamua.

"Wewe hukuwapo walipomshusha Hamoud," alimwambia Ghassan. "Jirani yangu wa miaka yote. Kiangazi kikali, njia haiwapi wabebaji nafasi ubavuni mwa jeneza. Walilibeba jeneza wa mbele na wa nyuma tu, wanapokezana, mmoja akateleza, maiti ikasogea ndani mpaka kichwa kikagonga ubao. Mie nilikuwa nyuma yake. Nilisikia. Sitaki kushushwa vile."

Badar, asiyejua Kiswahili chetu, aliuliza kwa Kiarabu mzee anasema nini.

"Nyie mnanunua kigari cha mashine," Baba aliendelea. "Mie mashine nshachoka nayo. Wallahi nshachoka. Nipeni cha siku moja, nishuke nimelala, na baada yangu kibaki cha mtaa, kila atakayekufa kule juu apate kushuka kwa heshima. Khalas, sitaki jingine kwenu."

Nilikasirika. Watu wangependa niseme nilihuzunika, lakini huzuni haikuwapo pale dukani, kulikuwa na hasira tupu. Mtu anakaa mbele yako anachagua kufa, kwa sauti ile ile aliyokuwa akichagulia samaki, na wewe unatakiwa useme labeka.

"Anayeendesha ni mimi," nilisema. "Na mimi jeneza siendeshi. Tunachukua cheupe."

"Na nikikataa kupanda?"

"Utapanda. Nitakufunga mkanda kwa mikono yangu."

"Astaghfirullah, Huwaida," alisema Ghassan.

Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kumsemesha Baba hivyo, hata marehemu mama. Nilingoja anikaripie. Angenikaripia pengine ningerudi nyuma. Badala yake alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka kubishana.

"Haya," alisema. "Nifunge."

Kigari cheupe kikaletwa Ibra juu ya lori. Nilimwita fundi akakiunganishia kipandio cha chini, maana kwa namna kilivyoinuliwa Baba asingeufikisha mguu, na kuanzia wiki ile hakukosa mashine hata mara moja. Nilikuwa namfunga mkanda, navuta nione umekaza, natia moto. Majirani nao wakakizoea. Niliwashushia wazee wao kwa daktari, nikawapandishia mitungi ya gesi na magunia ya majani ya mbuzi, na jioni wanawake walinipigia simu niwapeleke kwenye arusi za watu huko chini, wamejazana viti vyote vinne wanacheka kwa kila jiwe tunalolikanyaga. Baba alikaa kwenye kiti chake cha mbele akiwa kimya wakati wa kwenda, na wakati wa kurudi pia.

Alipata majira ya baridi yote. Alipata Ramadhani moja zaidi, ingawa kufunga alikatazwa. Alihudhuria nikahi ya Shatha, binti yake Ghassan, akakaa safu ya mbele na joho lake, na picha ninayo. Hayo niliyapata mimi kwa ukali wangu, na sitaki mtu aniambie vingine.

Lakini nilikuwa naona. Alikuwa anajikuna usiku mpaka anatoka damu. Maji alipewa kwa kipimo, kikombe kimoja asubuhi na kimoja jioni, na Ibra joto linapoanza unajua mwenyewe kinywa kinavyokuwa. Misuli ya miguu ilimkaza akiwa kwenye mashine, akang'ata ukingo wa kilemba asipige ukelele mbele ya wauguzi. Aliniomba mara moja tu, mwezi wa Mei, wakati namvua viatu.

"Mwanangu, inatosha?"

"Haijatosha," nilimwambia. Hakuniuliza tena.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne. Tulitoka hospitali kabla ya adhuhuri, na ndani ya gari, tunapita sokoni, akasema bila kunigeukia, "Alhamisi sendi."

Nilikuwa nimeshika usukani katikati ya magari, nikayazuia maneno yangu. Tulipofika chini ya uchochoro nilimtoa kwenye gari, nikampandisha kwenye kigari, nikamfunga mkanda. Mkono wake ulikuwa na baridi, lakini siku za mashine mkono wake ulikuwa na baridi kila mara. Nikaanza kupanda kinyumenyume kama kila siku, maana juu hapana pa kukigeuzia, na maneno yakanitoka.

Nilimwambia ana roho ya choyo. Nilimwambia mama alikufa akiomba siku moja zaidi, na yeye anazitupa zake jaani. Nilimuuliza mimi ataniachia nani, nyumba ile nitakaa nikizungumza na kuta, au ataniletea ndege wa kufuga kabla hajaondoka. Alikuwa ameinamisha kichwa kama kawaida yake baada ya mashine. Nikaona amenuna, nikazidi. Kigari kile hakina mlio, kwa hiyo kila neno langu lilisikika mpaka ng'ambo ya kuta.

Bi Thuraya alikuwa mlangoni kwake anafagia. Yeye ni mtu wa Pemba, mdogo kwa Baba kwa miaka mingi.

"Shikamoo, Mwalimu."

Baba hakujibu. Bi Thuraya akasimama na ufagio wake.

"Mashine imemchosha," nilisema, nikapita.

Mbele ya msikiti walikaa wanaume wakingojea adhana. Wakamtolea salamu wote kwa pamoja, as-salaam alaykum, Mwalimu Khalaf, kwa heshima, wengine wameinuka nusu. Hakuna jibu. Niliona haya.

"Baba, hata salamu? Watu wanakusalimia. Kuitikia ni faradhi, wewe ndiye uliyenifundisha."

Nikawaitikia mimi. Mmoja wao akacheka kwa upole, akasema leo mzee hataki watu.

Nilisimamisha kigari mlangoni kwetu, nikakizima. "Basi nuna," nilimwambia. "Utanunia ndani, kuna kivuli." Nikazunguka upande wake, nikainama kumfungua mkanda, na ulipofunguka akaniangukia begani kwa uzito wake wote.

Macho yake yalikuwa wazi nusu. Mkanda ulikuwa umemshikilia wima njia nzima, mbele ya Thuraya, mbele ya msikiti, mbele ya kila mtu. Sijui alikufa kwenye sehemu ipi ya uchochoro. Huenda hakusikia hata neno moja nililomwambia, na huenda aliyasikia yote. Hilo nimeshawauliza mashekhe na daktari, kila mmoja ananijibu anavyodhani litanituliza.

Ghassan alifika kutoka Samail wakati wanamaliza kumwosha. Ikaamuliwa azikwe baada ya alasiri, maana joto halikuruhusu kungoja. Wanawake walijaa ndani, wananishika mikono, wananipa maji ambayo sikuyataka. Kwetu wanawake hatufuati jeneza. Tunabaki ndani, na mlango ukifungwa basi umeshaagana naye.

Jeneza likatolewa ukumbini, likafika mlangoni, likasimama. Nilisikia wanaume wanabishana nje. Kigari kilikuwa pale pale nilipokizima adhuhuri ile, ubavu wake umekaribia kugusa ukuta, na mtu anapita kwa kujibana lakini jeneza halipiti. Kijana mmoja akaingia, macho chini, akaomba ufunguo.

Sikumpa. Bi Thuraya aliniambia, mpe, Huwaida, usifanye hivyo. Nikajitanda mtandio, nikatoka mwenyewe, nikapita mbele ya wanaume wote wa mtaa, nikapanda kwenye usukani.

Na hapakuwa na pa kukiegesha. Nyumba yetu ndiyo ya mwisho, juu yake ni jabali, na kuanzia mlangoni mpaka chini hakuna hata nafasi ya kumpisha mbuzi. Kwa hiyo nilitangulia. Mimi mbele na kigari cheupe, nyuma yangu baba yangu juu ya mabega ya watu, na hakuna aliyeweza kunizuia. Niliweka mguu kwenye breki njia nzima ili nisiwaache. Nilisikia tahlili yao, la ilaha illa Llah, ikikatikakatika kwa kuhema. Nilisikia viatu vinavyoteleza kwenye mawe, na sauti ya Ghassan ikisema taratibu, taratibu, kamateni. Mara mbili walisimama wapokezane, na mimi nikasimama. Kioo cha pembeni kilikuwa kimeelekea nyuma, nikakikunja.

Nililia kwa sauti. Hakuna aliyeniambia ninyamaze.

Tulipofika penye lami nikasogea kando kuwapisha. Jua lilikuwa linawaka, makanzu yamelowa migongoni. Ghassan alikuwa mbele, ubao wa jeneza umemkaa begani, jasho linamwingia machoni na hana mkono wa kulifuta. Alipofika usawa wangu alitazama vile viti vitatu vitupu, akanitazama mimi, akaendelea kutembea.