Vidukari kwenye Kabichi za Mama Vipimo

Mtaani walimwita Mama Vipimo, na jina lenyewe hakulichukia. Alikuwa fundi wa nguo kwa miaka thelathini na miwili, na hata baada ya kuiacha cherehani, utepe wa kupimia haukumtoka shingoni. Nyuma ya nyumba alikuwa na matuta manne: la kabichi, la maharage, la mchicha na la nyanya. Aliyekanyaga ukingo wa tuta alisikia yake siku hiyo.

Mkwewe alikuwa msusi. Ilikuwa miezi minne tangu aolewe na kuhamia hapo, na mumewe, dereva wa lori, hulala nyumbani siku tatu kisha hupotea wiki mbili. Basi nyumba ikabaki ya wanawake wawili waliokuwa bado wanaoneana haya. Waliongea kwa adabu, walipishana mlangoni kwa adabu, na mezani kila mmoja alisema ameshiba kabla hajashiba. Bustani ndiyo ilikuwa mwiko kabisa. Siku msusi alipotaka kusaidia kupalilia, mama mkwe alimwambia kwa upole, "Wewe pumzika, mwanangu. Huku nyuma niachie mimi."

Jumapili moja Mama Vipimo alishikwa na mafua akachelewa kuamka. Msusi akatoka na kisu kukata kabichi ya mchana. Akaishika moja, akageuza jani la nje, na mwili ukamsisimka. Upande wa chini ulikuwa umefunikwa na vidukari, wadogo kama punje za ufuta, rangi ya majivu, wamebanana bila nafasi ya kupitisha sindano. Akageuza jani jingine, na jingine. Hali ilikuwa ile ile. Kwenye maharage walikuwa weusi, wamelivaa shina kama soksi, na sisimizi wanapanda na kushuka kama watu wenye shughuli zao. Majani yalikuwa yamejikunja na yananata vidoleni.

Alichuma jani moja akampelekea mama mkwe kitandani.

"Mama, kabichi zimeingiliwa."

Mama Vipimo alilipokea, akalisogeza karibu na uso, akalipeleka mbali, akaligeuza. "Hili ni vumbi," akasema. "Mvua imekawia. Kabichi zangu zimenona, mbona."

Kidukari mmoja alikuwa anatembea juu ya kidole gumba chake.

Msusi alimwona, akakumbuka saluni. Kazini kwake kulikuwa na siku ambazo alipasua njia kichwani mwa mteja akakuta chawa, huku wanawake sita wakisubiri zamu kwenye benchi. Hakuwahi kulitamka neno hilo mbele za watu. Alikuwa anainama na kumwambia mteja sikioni kwamba nywele zingependeza zaidi zikioshwa kwanza, kisha anampeleka chumba cha nyuma. Wateja wa namna hiyo hawakumhama.

"Ndiyo, mama," akasema. "Ni vumbi."

Tangu siku hiyo akaanza kuona mambo. Upindo wa gauni la mama mkwe ulikuwa umefumuka, na fundi mzima alikuwa anapita nao hivyo hivyo wiki nzima. Akimimina chai, alitumbukiza ncha ya kidole kikombeni ili ajue imefika wapi. Kwenye rundo la magugu aliyong'oa kulikuwa na miche ya mchicha, mizima, yenye afya. Jioni moja msusi alimsikia akilikaripia koti la mwanawe lililotundikwa mlangoni, eti limpishe apite.

Hakumwambia mtu. Alichofanya ni kuleta kutoka saluni ile chupa ya kunyunyizia nywele, akakoroga humo maji na sabuni ya unga, na kila asubuhi kabla ya kwenda kazini akawa anapita kwenye matuta kimya kimya, anageuza jani moja moja na kunyunyizia, kama anavyopasua nywele fungu kwa fungu. Vidukari wakaanza kudondoka. Kabichi zikapata nafuu na msusi akapata kiburi kidogo. Jumamosi moja, Mama Vipimo akiwa kwa jirani, aliongeza sabuni mara mbili, akayaogesha maharage yote jua likiwa la utosi.

Jumatatu jioni alirudi kutoka kazini akamkuta mama mkwe amechuchumaa kwenye tuta, jani la maharage katikati ya vidole, akilinusa. Kingo zake zilikuwa zimeungua, kavu kama karatasi.

"Nani amefua maharage yangu?" Mama Vipimo aliuliza bila kugeuka.

Msusi aliweka mkoba chini. "Ni mimi, mama."

"Kwa sabuni gani?"

"Ya unga."

"Kiasi gani?"

"Nilikadiria."

"Ulikadiria," mama mkwe akarudia taratibu, kama mtu aliyetukanwa kwa lugha ya kigeni. "Saa ngapi?"

"Saa saba mchana."

Mama Vipimo aliliacha jani lianguke. Msusi akatamani agombezwe tu yaishe.

"Kwa hiyo hayakuwa mavumbi," mama mkwe akasema.

"Hayakuwa mavumbi, mama. Walikuwa vidukari."

"Ukaniacha niseme ni vumbi."

"Nisamehe. Sikutaka kukuaibisha."

Kulikuwa na ndoo iliyopinduliwa kando ya nyanya. Mama Vipimo aliipapasa, akaikalia. "Mwaka mzima sasa naona kama ninachungulia kwenye kioo chenye mvuke," akasema. "Kila mwezi mvuke unazidi. Mwanangu akijua ataniketisha sebuleni kama mto wa kochi, nisishike hiki, nisiguse kile. Na wewe ndiyo kwanza umeingia. Nilijiambia, huyu binti atasema ameolewa aje kulea kipofu."

Msusi alikaa chini, hapo hapo kwenye udongo, na nguo zake za kazini. "Mama, kwetu tulizaliwa tisa. Tangu nipate akili sijawahi kuulizwa na mtu kama nimeshiba. Hapa naulizwa kila siku." Akasita. "Na kila siku nakudanganya."

"Najua," Mama Vipimo akasema. "Tumbo lako nalisikia likinguruma ukiosha vyombo. Masikio yangu ni mazima."

Wakacheka, mmoja akaanza na mwingine akafuata, mpaka mama mkwe akapangusa macho kwa ncha ya kanga. Kisha akanyoosha mkono avutwe asimame.

"Haya, lete chupa yako, uimwage hiyo sumu, tuanze upya. Maji lita moja, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, kijiko kimoja cha chai, tena usikijaze kikafurika. Kijiko kimoja. Unanyunyizia jua likishapoa, chini ya jani, maana wanakaa chini. Kesho asubuhi unasuuza kwa maji matupu."

"Na sisimizi?"

"Wazungushie majivu shinani. Hao wanawafuga vidukari kama mtu na ng'ombe wake, wanawakamua utamu. Ukiwaacha, watawarudisha."

Walianza jioni ile ile. Msusi aligeuza majani akisema anachokiona, na Mama Vipimo akashika, akanusa, akatoa hukumu. Kwenye kabichi ya tatu msusi alisimama.

"Kuna kingine hapa, kibaya. Cheusi, kirefu kama punje ya mchele, mgongoni kina vimiba na madoa ya rangi ya chungwa. Kiko katikati ya vidukari."

"Usimguse huyo. Unamjua yule mdudu wa mviringo, mwekundu, mwenye madoa meusi? Huyo unayemwona ndiye mtoto wake. Hapo yuko mezani, anawala."

Msusi akaliachia jani taratibu. "Nimeshaua kama kumi."

"Basi umewaua askari wako mwenyewe," Mama Vipimo akasema, akampapasa bega. "Na mimi nimeng'oa mchicha wangu mwenyewe. Tugeuze jani."

Wiki ile wakawa wanatoka pamoja kila jioni. Ijumaa, wakiwa bado wamechuchumaa, msusi aliuliza taratibu kama kungekuwa na ubaya wowote kwenda tu kumwona daktari wa macho, akasikie tu. Mama Vipimo alisukuma majivu kwa kidole akizunguka shina lote kabla ya kujibu.

"Utaingia na mimi ndani?"

"Nitaingia, mama."

Daktari alisema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwamba hutolewa. Wangeanza na la kulia. Jioni hiyo Mama Vipimo alimpigia mwanawe simu mwenyewe. Dereva akasema ataomba ruhusa, na asubuhi ya upasuaji alikuwa kwenye korido ya hospitali, ameshika mkoba wa mama yake kwa mikono miwili.

Kesho yake bandeji ilitolewa wakarudi nyumbani. Mama Vipimo hakutaka chai wala kitanda. Alipitiliza hadi nyuma, akasimama mbele ya matuta yake. Nusu ya maharage ilikuwa imeng'olewa. Kabichi zilikuwa na matundu, lakini zilikuwa zimefunga, ngumu na nzito. Aliziangalia, akaangalia mstari, akainamisha kichwa upande.

"Nani alipanda mistari iliyopinda namna hii?"

"Ni wewe, mama," msusi akasema.

"Mimi?"

"Wewe mwenyewe, na utepe shingoni."

Mama Vipimo aliguna. Aliinama akageuza jani, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu akawaona, vidukari wawili watatu kando ya mshipa wa jani. Akawasaga kwa kidole gumba. Aliponyanyuka alimkuta msusi amesimama karibu, ameshika chupa, akamtazama. Akaendelea kumtazama.

"Sogea huku kwenye mwanga," akasema.

Msusi akasogea. Mama mkwe alimshika kidevu, akageuza uso wake huku na huku, bila haraka, kama anavyokagua kitambaa kabla ya kukikata.

"Miezi yote hii nimeishi na sauti," akasema. "Kumbe una mwanya. Huyu mtoto wangu ananisimulia barabara zote alizopita, hajaniambia mkewe ana mwanya."

Msusi aliinua mkono azibe mdomo, maana tayari alikuwa anacheka. Mama Vipimo aliushusha ule mkono na hakuuachia mpaka alipomaliza kutazama.