Pini Sita Mdomoni

Tajiri hatulii. Ndivyo tunavyomwita mwenye duka letu la ushonaji: huongea na mtu huku anaondoka, na ukimfuata mlangoni unakuta ameshaingia garini. Miaka mitatu nimetaka kumwomba aniongeze mshahara, na miaka yote mitatu nimeongea na mgongo wake.

Kwa hiyo aliponikabidhi kitambaa cha suti atakayovaa kwenye arusi ya mwanawe, nikasema kweli Mungu hamtupi mja wake. Anayejaribishwa koti lazima asimame.

Niseme wazi shida yangu. Ninaishi chumba kimoja na wenzangu wawili, tunalala kwa kupangana. Binti yangu nilimpeleka kwa dada yangu, mji mwingine, akiwa na miaka miwili. Sasa ana mitano. Mwenye nyumba ana chumba kitupu, chenye dirisha, na ameniwekea mpaka Jumamosi. Nisipopata nyongeza, chumba kinaondoka na mtoto anabaki huko huko.

Tajiri alikuja Alhamisi baada ya chakula cha mchana, saa ambayo hata cherehani husinzia. Nilimsimamisha juu ya kisanduku mbele ya kioo, nikamvalisha koti likiwa bado na nyuzi za kushikizia, nikatia pini sita mdomoni kama kawaida yangu, nikapiga magoti. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Feni ilizunguka polepole. Vumbi la pamba lilielea kwenye mwanga wa dirisha, likipanda badala ya kushuka, na mimi nikaanza kusema.

Jamani, nilisema vizuri! Sauti ilinitoka laini, bila kutetemeka. Tajiri alinisikiliza mpaka mwisho, akashuka, akaketi sakafuni na suti yake, akaniuliza mtoto anapenda nini. Kuchora, nikamwambia. Akasema, basi ukuta mmoja msiupake rangi, mwachieni mwenyewe. Duka likawa chumba chetu. Juu ya kisanduku alisimama binti yangu, nampima gauni, anacheka chaki inavyomtekenya. Nilifurahi mpaka machozi yakanilengalenga.

"Fundi, bado tu?"

Niliinua uso. Tajiri alikuwa pale pale juu ya kisanduku, anatazama saa yake. Ulimi wangu ukagusa pini moja, bado imebanwa na midomo. Sikuwa nimetamka neno hata moja. Na zile tano?

Akaanza kuvua koti, koti likakataa. Akavuta, shati nalo likaja. Nilikuwa nimelishikiza koti kwenye shati, shati kwenye suruali, na mkono wa kushoto nimeubana ubavuni. Mwenzangu, fundi wa vifungo, alitoka nje mbio, nikamsikia anacheka nyuma ya ukuta.

"Umenifanya nini?"

"Usisogee, Tajiri, zitakuchoma."

Hakusogea. Nilitoa ile pini ya mwisho mdomoni, nikaichomeka kwenye kijimto cha mkononi, nikajikaza kisabuni.

"Naomba uniongeze mshahara." Sauti ilinikwaruza, na yale maneno mazuri yote yalikuwa yameyeyuka. "Nataka kumrudisha mwanangu. Miaka mitatu nataka kukwambia, lakini hukai."

"Ndiyo ukaamua kunishonea humu?"

"Sikukusudia. Ila leo umesimama."

Alinitazama kupitia kioo. "Na hili koti likinikaa vibaya?"

"Halitakukaa vibaya, na wewe unajua."

Akashusha pumzi kidogo kidogo, anaogopa pini. "Najua. Haya, kuanzia mwezi huu. Nifungue."

"Kiasi gani?" nikauliza, kabla sijagusa pini hata moja.

Akataja. Kilitosha chumba. Nikamfungua.

Jioni nilipiga simu kwa dada, akapokea mtoto.

"Jumamosi nakuja kukuchukua," nikamwambia. "Tutakaa pamoja, mimi na wewe, siku zote."

Nikasikia kandambili zake zinakimbia, na sauti yake ikitoka mbali na simu: "Mama! Mama wa Simu anasema anakuja kunichukua. Niende?"

Nilibana simu sikioni, nikasubiri jibu la dada yangu pamoja na mwanangu.