Tairi za Jarkko

Huku kwetu Kainuu, kaskazini mwa Finland, mtu hubadilisha tairi mwenyewe, za kiangazi kwa za theluji. Mafundi wapo mjini, lakini mwanamume wa kijijini anayewapelekea gari kwa kazi hiyo anajua kwamba atasemwa. Theluji inapokaribia, na tena inapokwisha, utaona jeki katika kila ua na mtu amepiga magoti kwenye changarawe. Tairi zinazotolewa huoshwa, kila moja ikaandikwa kwa chaki mahali ilipokaa, kushoto mbele au kulia nyuma, kisha hutundikwa ghalani kungoja zamu yake.

Jarkko Kemppainen alifanya hivyo mwezi wa Aprili. Aliandika kwa chaki ya njano, kwa herufi zake pana zinazolalia upande, na kwenye tairi ya mwisho, chini ya maneno "kulia nyuma", akaongeza: "Bado msimu mmoja." Wiki haikuisha, moyo ukamsimama msituni alikokuwa akikata miti. Hakuwa ametimiza miaka arobaini. Aliacha mke, Saila, na binti mdogo, Helka, na baba yake, mzee Aulis, aliyeishi katika nyumba ndogo ndani ya ua huohuo.

Kiangazi chote ghala lile halikufunguliwa. Oktoba ilipofika na madimbwi yakaanza kuganda alfajiri, ilibidi lifunguliwe.

Saila alikuwa muuguzi wa kwenda majumbani. Kila siku aliendesha gari kutoka kijijini hadi mjini, akazunguka nyumba kwa nyumba kuwaosha wazee na kuwapa dawa, kisha akarudi. Barabara hiyo hupita kando ya Mustalampi, ziwa dogo jeusi, penye kona ambayo miti huinyima jua majira yote ya baridi. Barafu ya pale haionekani. Unaona lami tu, imeng'aa kidogo, nawe unadhani ni maji.

Siku aliyoingia ghalani alimkuta Aulis ametangulia. Mzee alikuwa ameteremsha tairi zote nne na kuzipanga ukutani, maandishi yakitazama mlango.

"Babu, usijichoshe," Saila alimwambia. Tangu Helka azaliwe nyumba nzima ilimwita hivyo. "Jumatatu naenda kwa Tenho."

"Kwa Tenho kuna nini?"

"Kununua tairi."

"Na hizi ni nini? Mikate?" Aulis alichomeka njiti ya kiberiti kwenye mfereji wa tairi. "Tazama, kichwa kizima kimezama. Ingekuwa kipara ningekuelewa."

Saila alichutama, akakandamiza ukucha wa kidole gumba kwenye mpira. Haukubonyea. Ulikuwa mgumu kama kwato, na pembeni ulikuwa na nyufa nyembamba kama kisigino cha mtu asiyevaa viatu.

"Mpira umekufa, Babu. Bonyeza mwenyewe."

"Kidole changu kilikufa kabla yake. Usinipe mtihani."

"Alizinunua Helka hajazaliwa, na hata hapo zilishatumiwa na mtu mwingine."

"Na mwenyewe kaandika nini? Soma, binti."

Saila hakusoma. Maneno yale alikuwa akiyajua kama anavyojua jina lake.

"Aliandika akijua ataendesha yeye," alisema. "Yeye akiteleza, mimi nilikuwa nyumbani na mtoto. Mimi nikiteleza, nyumbani kuna nani?"

"Mimi nipo."

Saila alimtazama. Aulis alikuwa amepita miaka themanini. Akarudisha macho kwenye tairi, na mzee alielewa vizuri sana.

"Sitaki zitupwe," Saila alisema baadaye, kwa sauti ya chini. "Nataka zibaki hapa, kama alivyoziacha."

"Tairi si picha. Haitundikwi ikatazamwa."

Jumatatu redio ilitangaza theluji, kwa hiyo wilaya nzima ilikuwa kwa Tenho. Magari yalipanga foleni hadi barabarani. Ndani, watu walikaa kwenye benchi wakinywa kahawa yake iliyochacha, na Tenho akapita katikati yao na mikono myeusi.

"Ninyi mnanishangaza," alisema. "Kila mwaka mnakuja wote siku moja, utadhani baridi ndiyo kwanza inaingia Finland."

Mwalimu mmoja wa mjini alikuwa akieleza kwa nini amechagua tairi zisizo na misumari ya chuma ya kushika barafu. "Zimetulia, ukiendesha unasikia hata pumzi yako. Misumari ni ya wazee na wakulima. Ukipita kwenye lami kavu ni kama umebeba sufuria ya bisi."

"Na mwaka jana ulivutwa kutoka mtaroni na trekta ya nani?" aliuliza mkulima aliyekaa karibu naye.

"Ile ilikuwa bahati mbaya."

"Bahati mbaya yenye ratiba."

Watu walicheka. Saila naye alitabasamu, kisha akarudia kuzitazama tairi rafuni. Wauguzi wenzake walikuwa wamemshauri achukue zilezile za mwalimu. Wao walikaa mjini, ambako barabara hutiwa chumvi kabla watu hawajaamka.

"Unapita wapi kila siku?" Tenho alimuuliza.

"Mustalampi. Asubuhi nikienda, jioni nikirudi."

Tenho alijifuta mikono. "Sikudanganyi. Kwenye theluji kavu hizi zisizo na misumari zinashika vizuri, hutajuta. Ila barafu iliyolowa, ile ya nyuzi sifuri, sifuri na kidogo, haina pa kushikwa. Pale inataka kitu cha kuichoma."

Saila alipitisha kiganja juu ya tairi ya misumari. Mpira ulikuwa laini, ukinukia upya, na vichwa vidogo vya chuma vilimkwaruza ngozi. Alimfikiria Helka akingoja dirishani kwa jirani.

"Nifungie hizi."

"Wewe mwenyewe hufungi?"

"Leo funga wewe."

Tenho alielewa, akaita gari liingizwe. Alipokuwa akiinua jeki aliuliza, bila kumtazama, "Zile za Jarkko utazileta? Tunazipokea bure."

"Hapana."

Tenho akageukia nati.

Aulis alilizunguka gari lilipofika nyumbani. Aliinamia kila gurudumu kama mkaguzi wa serikali.

"Misumari," alisema hatimaye. "Angalau hukununua zile ndara za mjini."

Kisha akaingia kwake, na siku nzima iliyofuata hakuja kula. Saila alimpelekea supu ya samaki na mkate mtamu wa hiliki. Akavikuta jioni mlangoni, havijaguswa. Lililomuuma mzee si ununuzi peke yake. Kijiji kizima kilikuwa kimeona tairi za nyumba ya Kemppainen zikifungwa na mtu mwingine, wakati seti ya mwanawe iko ukutani na neno lake limeandikwa juu yake.

Keshokutwa yake Saila alirudi kutoka kazini akaukuta mlango wa ghala wazi na pale ukutani patupu. Baba na mwana walikuwa na desturi ya kununua magari ya aina moja ili waazimane vipuri. Gari la Aulis lilikuwa limesimama uani, na herufi za njano zilikuwa kwenye magurudumu yake.

"Babu, zako ziko wapi?"

"Zimepumzika."

"Zako ni nzima kuliko hizi."

"Mtu kaacha neno moja duniani," Aulis alisema. Alikuwa amekaa kwenye ngazi, spana mapajani, jasho limemkaukia usoni. "Neno moja tu. Wewe umeamua si lako. Sawa. Basi nitalitimiza mimi."

"Usiende nazo mjini basi. Dukani tu, hapa kijijini."

"Binti, nimeendesha lori la magogo wewe hujaota meno."

Saila aliujua mlango huo. Ukishafungwa haugongwi. Theluji ilianguka usiku ule, ikayeyuka, barabara zikawa tope la theluji na chumvi. Aulis alikwenda dukani na kurudi. Saila aliliangalia gari la mzee uani akaona jambo, akafungua kinywa, akakifumba. Alijiambia kuwa mzee atagundua mwenyewe.

Siku ya Watakatifu Wote sisi huwasha mishumaa makaburini. Saila alikuwa na zamu, kwa hiyo walikubaliana waende kesho yake, Jumapili, pamoja na Helka. Aulis aliitikia kwa kichwa. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Jarkko kuwa miongoni mwa wanaowashiwa, na jua lilipoanza kushuka mzee aliona haiwezekani mwanawe akae gizani huku wenzake wote wana taa. Alichukua mshumaa wa kaburini, ule wenye kifuniko cha bati, akaondoka kwa gari lake, njia ya Mustalampi. Simu aliiacha mezani, mahali ilipokaa siku zote.

Mvua nyepesi ilikuwa imenyesha asubuhi juu ya barabara iliyoganda, kisha mawingu yakaondoka na baridi ikashuka.

Saila alikuwa akirudi, mwanga umebaki kidogo juu ya misonobari. Karibu na Mustalampi alipunguza mwendo kama kawaida. Alipoingia kwenye kona aliona mwali mdogo wa moto chini, katikati ya njia yake. Ulikuwa mshumaa wa kaburini, unawaka juu ya lami. Mguu ulikanyaga breki kabla akili haijauliza. Misumari ilikwaruza, gari likatetemeka, likanyooka, likasimama.

Nyuma ya mshumaa alikuwa Aulis, amesimama na mikono ameinyoosha pande zote mbili. Nyuma yake gari lake limelala kukingama barabara, tako lake mtaroni.

Hakuwa amefika makaburini. Alipokanyaga breki gari liliendelea na safari yake kana kwamba yeye hamo. Usukani ulimpiga mbavu, kioo kikampasua paji la uso. Alijaribu kutoka akaanguka, akatambaa, akakumbuka kwamba hiyo ndiyo saa ya Saila kupita. Nuru pekee aliyokuwa nayo ilikuwa ya mwanawe. Akaiwasha akaiweka njiani.

"Umesimama," alimwambia Saila, kama anayemlaumu.

"Nimesimama, Babu. Ingia garini, unatoka damu."

Aulis hakusogea. Alitazama nafasi iliyobaki kati ya gari la Saila na mshumaa, kisha kati ya mshumaa na mahali alipokuwa amesimama yeye. Kila nafasi ilikuwa fupi, mtu mmoja angeijaza kwa kujilaza chini.

"Kwa tairi zile," alianza, lakini sentensi haikumtoka yote.

"Ingia ndani."

"Nipe tochi."

Saila alisogeza gari pembeni, akawasha taa za hatari, akapiga simu ya msaada, na alipokwisha akampa tochi kwa sababu hakuona njia nyingine. Mzee alikwenda ameinama, mkono mmoja ubavuni, hadi kwenye gurudumu la mbele. Alimulika. Akafuta tope kwa glavu, akamulika tena. Akaenda la pili. La mwisho lilikuwa mtaroni, naye alilala kifudifudi kwenye theluji iliyolowa ili alifikie. Alilisugua kwa kiganja kitupu mpaka likabaki mpira mweusi, safi.

"Ilikuwa hapa," alisema.

"Najua."

"Wakati nafunga ilikuwapo. Niliisoma."

"Najua, Babu."

Saila alijua zaidi ya hapo. Chaki ilikuwa imetoka siku ya kwanza ya tope, katika safari ile ya dukani. Aliliona hilo uani akanyamaza. Sasa alimshika mzee kwapani, akamwinua, na hakuna aliyemtazama mwenzake mpaka taa za gari la wagonjwa zilipotokea.

Mbavu za Aulis ziliunga vibaya. Leseni aliirudisha mwenyewe, bila kuambiwa. Gari lake lilivutwa pamoja na tairi za Jarkko likaenda kwenye chuma chakavu, na mtu wa kuvuta aliuliza kama kuna kitu cha kuhifadhi. Saila alimwambia hakuna.

Majira yale ya baridi Aulis alikaa kwenye dirisha la jikoni. Hakuongea sana, na alipoongea hakumtaja Jarkko. Siku ambazo lami ilikauka, misumari ya Saila ilisikika kutoka mbali sana, ikikaanga bisi kama alivyosema yule mwalimu, na mzee alikuwa akimwambia Helka, "Mama yako kafika kwenye daraja. Sasa yuko kwenye posta." Siku za theluji, misumari haikusikika, naye hakuweza kutulia. Alisimama na kukaa, akasimama tena, mpaka mlango ufunguliwe.

Aprili ilirudi. Saila alipiga magoti kwenye changarawe, akalegeza nati, akatoa tairi moja baada ya nyingine na kuziosha. Aulis alikuwa kwenye ngazi, blanketi mabegani.

Saila alimnyooshea chaki. "Utaandika wewe, Babu?"

"Andika wewe. Mwandiko wangu hausomeki."

Aliandika kushoto mbele. Akaandika kulia mbele, na kushoto nyuma. Kwenye ya mwisho aliandika mahali pake, kisha akabaki ameishika chaki juu ya mpira.

"Niongeze nini hapa?"

Aulis alitazama kuelekea barabarani, ambako kuanzia kesho gari lingefika kimya bila yeye kulisikia.

"Andika ni ya kulia nyuma," alisema. "Basi."