Barua Kali ya Mzee Pole

Mwenye nyumba wao hakujua kufukuza mtu. Mtaa mzima ulimwita Mzee Pole, maana hata ukipiga chafya alikupa pole kana kwamba umefiwa. Siku aliyokuja kuwataka wahame alikaa kwenye kochi saa nzima, akanywa chai vikombe vitatu, akasifu saa zote zilizotundikwa ukutani, ndipo akasema huku akiangalia zulia, "Basi wanangu, mkipata mahali pengine kufikia mwisho wa mwezi, si vibaya." Kisha akatoka mbio kama mtu aliyeiba kijiko.

"Amesema nini?" akauliza fundi saa, ambaye sikio lake la kushoto lilikuwa limeshachoka kazi.

"Tunafukuzwa," mkewe akamjibu.

"Kwa upole ule?"

Mkewe, Bi Katibu, alikuwa amewapigia chapa barua wakuu wa shule watano mpaka akastaafu, na kwake jambo lisilo na barua lilikuwa bado halijatokea. Vyumba viwili walivipata upesi, upande wa pili wa mji. Kilichowashinda ni gari la kuhamishia vitu. Saa za ukutani peke yake zilikuwa arobaini na tatu, nyingine za wateja waliokwisha sahau kwamba wana saa. Bi Katibu akaenda ofisi ya ustawi wa jamii, maana alisikia kwamba huko wanaotolewa kwenye nyumba husaidiwa usafiri.

"Leta barua ya mwenye nyumba," akasema afisa, mwanamama mwenye miwani ya mnyororo. "Bila barua, mnahama kwa raha zenu."

Mzee Pole alipoombwa barua aligoma katakata. "Niwaandikie maneno hayo, halafu niwatazame kwa macho gani?"

"Basi nitaandika mimi, Mzee. Wewe tia sahihi tu."

Bi Katibu akakaa mezani, mori wa kazi ukampanda. Alianza kwa adabu, akaona barua imepooza, akaitia chumvi. Akaandika kwamba wapangaji hao ni kero isiyovumilika, kwamba mume anapigia watu makelele ya saa kutwa kucha, na mke ana mdomo. Watoke bila kisingizio.

Mzee Pole aliisoma, machozi yakamlenga. "Mwanangu, mdomo gani tena?"

"Sahihi, Mzee. Hapo chini."

Akatia, akiomba radhi kwa kila herufi.

Afisa aliisoma mara mbili, akavua miwani. "Huyu ni katili! Kesho namwita hapa ajieleze."

Kiti kikamwakia moto Bi Katibu. Alimwona Mzee Pole amesimama mbele ya meza ile, anawapa pole makarani mmoja mmoja, amebeba kosa lisilo lake.

"Usimwite," akasema. "Barua niliiandika mimi."

"Ulijiandika mwenyewe kwamba una mdomo?"

"Kila neno."

Afisa alijaribu kukaza uso, akashindwa. Alicheka mpaka karani wa chumba cha pili akachungulia. "Mama, mimi nataka vitu viwili tu, sababu na tarehe. Tena za kweli. Matusi hayana nafasi kwenye fomu."

Jioni ile mke na mume wakaenda wote wawili kwa Mzee Pole. Mpaka siku hiyo hawakuwa hata wamemuuliza sababu.

"Kwani nyumba unaitakia nini, Mzee?" akauliza Bi Katibu.

Mzee alivua kofia, akaikunjakunja. "Binti yangu kafiwa na mume. Anarudi na watoto wanne. Niliona haya kuwaambia, msije mkadhani nawafukuza kwa kisingizio cha msiba."

Fundi, aliyekuwa ametega sikio lake zima, ndiye aliyesema, "Pole sana, Mzee wetu." Na yule mzee, aliyezoea kutoa, hakujua kupokea, akabaki anapangusa pua kwa kofia.

Barua ya pili Mzee Pole aliiandika mwenyewe, mistari mitatu iliyopinda. Jumamosi ofisi ikaleta lori na wapakiaji wawili. Mzee Pole aliwakataza kugusa saa hata moja, akazifunga mwenyewe kwa mashuka yake.

Binti aliwasili vitu vikiwa nusu garini. Watoto wakaingia, wakasimama kwenye sebule tupu, jua likiwapiga usoni. Bi Katibu aliwatazama, akarudi kwenye lori, akafungua furushi, akarudi ndani, akapanda juu ya ndoo na kuanza kutundika upya mapazia yake.

"Mama, dereva anaondoka!" fundi akapaza sauti kutoka juu ya lori.

"Mwambie angoje," akasema, pini mdomoni. "Bado dirisha la jikoni."