Doa Jekundu Chini ya Kikombe

Kinyaa kina harufu yake. Wilkista aliijua vizuri: ni harufu ya chai ya maziwa iliyogandia ndani ya kikombe cha plastiki ambacho nyumbani kwao hakuna mtu aliyekubali kukigusa.

Alikuwa karani wa duka la mbegu mjini Kitale magunia yalipoanza kumwita kwa jina. Naye akawa anayajibu, mbele ya wateja, mpaka siku aliyovua viatu akakimbilia barabarani akilia. Akarudishwa Bungoma amefungwa kamba. Hospitali ikampa dawa. Senje Nelima, dada ya baba yake, akampa kikombe. Alikipaka doa la rangi nyekundu ya kucha chini, vile akina mama wanavyotia alama vyombo vyao visipotelee matangani, akakitundika nje kwa msumari, juu ya banda la kuku. Kuku wakakinyea.

"Si utaosha tu," senje alisema.

Ati wazimu unaambukiza kwa mate! Mtu mzima, tena mzee wa kanisa!

Alipopata nafuu alirudi Kitale, akawa anameza dawa zake bila kukosa, akaandika riwaya. Msichana wa humo anaitwa Chepkorir na anatoka Mlima Elgon, lakini ni nani alidanganyika? Kikombe kilikuwa humo, na doa lake, na mavi ya kuku juu.

Mwaka wa 2006 kitabu kikatoka, gazeti likakisifu, na ghafla bin vuu ukoo mzima ukakumbuka kwamba una mtoto. Wakamwita nyumbani. Wakasimamisha hema, wakachinja majogoo. Mwenyewe hakutaka hema wala jogoo. Alitaka kitu kimoja tu, kunywa chai katika kikombe kama cha watu. Wakimpa, angelala kwa mama yake usiku huo, na siku nyingine angekuja tena. Wasipompa, basi, hawangemwona tena.

Senje akasimama mbele ya wageni, sauti tamu mpaka inachefua.

"Huyu mtoto tumemlea kwa mikono yetu! Hayo mengine ni ya kubuni tu, bana. Si mnajua waandishi!"

Wakacheka, wakapiga makofi. Mchungaji akaulizia chai.

Vikombe vikaja kwa sinia, vya udongo, vyeupe, vyenye maua. Senje mwenyewe ndiye aliyegawa, na Wilkista naye akapata cha maua! Moyo ukamlegea. Akapiga funda, tangawizi imekolea. Akamtazama mama yake, wakatabasamu wote wawili.

Kisha kidole chake kikanata.

Akainua kikombe. Chini palikuwa na doa jekundu, bichi, bado linanuka rangi. Akachungulia cha mchungaji kilipopanda mdomoni, akachungulia cha mama yake na cha jirani. Chini vilikuwa vyeupe tupu. Lo! Afadhali hata kile cha plastiki, hakikujifanya.

Akaenda hadi katikati ya hema. "Senje, karibu chai. Kunywa hiki changu."

"Aa, mimi nimeshiba, mama."

"Funda moja tu. Si umesema ni ya kubuni?"

Senje akapokea kwa mikono miwili, akachekacheka, akapiga funda. Mashavu yakajaa, koo halikusogea. Akaweka kikombe mezani, akatoka mbio mbio kuelekea nyuma ya jikoni, na hema lote likasikia: ptuu! Kisha wakasikia kuku wakikimbilia.

Mama yake aliinamisha kichwa. Hilo ndilo lililomuuma Wilkista kupita yote. Akakichukua kikombe, akanywa chai yake yote mpaka tone la mwisho, bila haraka, wote wakimtazama. Akakifuta kwa leso, akakitia mkobani, akarudi Kitale. Chai yenyewe ilikuwa nzuri sana.